Mwenye Ubunifu na Mwenye Chombo

Wasikilizaji wetu, na hasa ninyi mlio Tabora na mahali pote katika njia ya zamani ya misafara, leo twataka kusema nanyi juu ya swali ambalo kwa mara ya kwanza laonekana kuwa ni la wanasheria tu, lakini kwa kweli lamhusu kila mtu aliyenunua chombo cha mtambo. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua motokaa, au akinunua mashine ya kuchapa karatasi, je, amekinunua chombo hicho chote? Au iko sehemu yake iliyobaki mkononi mwa yule aliyekibuni, hata baada ya fedha kulipwa na risiti kuandikwa?

Wazee wa Unyanyembe wangalicheka kulisikia swali hili. Zamani zao bidhaa zilikuja kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, nazo zilikuwa marekani na kaniki, ushanga na masango. Aliyenunua masango aliweza kuyafanya vikuku, au kuyabadili kwa pembe, au kuyapeleka Ujiji akayauza kwa bei aliyoipenda. Hapana tajiri wa pwani aliyemwandama nyuma na kumwambia, “Masango haya yasikatwe ila na fundi wangu.” Kuuza kulikuwa kuuza. Lakini siku hizi chombo kimoja chaweza kuwa na mamia ya fikra zilizofichwa ndani yake, na kila fikra ina mwenyewe, naye anayo hati.

Hati hiyo kwa Kiswahili huitwa hataza, na ni vema kwanza tueleze maana yake, kwa sababu wengi hudhani kuwa ni cheti cha sifa, kama kile apewacho mwanafunzi aliyeshinda. Sivyo. Hataza ni mapatano. Mtu aliyebuni kitu kipya aiambia serikali: “Nitaeleza wazi, kwa maneno na kwa michoro, jinsi kitu changu kinavyofanya kazi, hata fundi mwingine mwenye ujuzi aweze kukitengeneza.” Na serikali yamjibu: “Nasi kwa miaka kadha wa kadha tutawazuia wengine kukitengeneza au kukiuza bila ruhusa yako.” Miaka hiyo ikiisha, ubunifu huwa mali ya watu wote. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1624 iliweka muda wa miaka 14. Siku hizi katika nchi nyingi muda ni miaka 20, tangu siku maombi yalipopelekwa, mradi mwenye hati awe akilipa ada yake.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. La kwanza, hataza haivuki mpaka. Iliyotolewa Marekani haina nguvu katika Tanzania, wala ya Tanzania haina nguvu katika Ujerumani. Atakaye ulinzi katika nchi hizo zote sharti aombe katika zote. La pili, kitu sharti kiwe kipya kweli, si kipya kwa yule mwombaji tu, bali kipya duniani.

Hili la pili lilimwumiza hata mtu mashuhuri. Mwaka 1888, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, alipata hataza ya gurudumu la mpira uliojazwa upepo. Biashara ikaanza, na baiskeli zikaenda mbio. Kumbe Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alikuwa amekwisha kuandikisha fikra ile ile mwaka 1845, wakati ambapo hapakuwa na baiskeli za kuitumia wala motokaa, na watu wakaisahau. Mwaka 1890 hataza ya Dunlop ikatenguka. Jina lake limebaki juu ya matairi mpaka leo, lakini haki ile ya peke yake hakuipata. Karatasi iliyokaa kabatini miaka 45 ilitosha kuishinda.

Sasa tuje kwenye bodi ya gari. Motokaa za kwanza zilikuwa na bodi za seremala. Fremu ya chini pamoja na injini ilitoka kiwandani, na juu yake mafundi walijenga kwa mbao, kisha wakagongomea mabati. Kazi hiyo fundi wa popote aliweza kuifanya, na katika Afrika Mashariki imefanywa kwa miaka mingi sana: malori na mabasi mengi yamekuja kama fremu na injini tu, na bodi zikaundwa hapa hapa. Fundi wa namna hii hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alihitaji mbao ngumu, misumari, rangi na macho yaliyonyoka.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1912, Edward Budd alipoanzisha kampuni yake katika mji wa Philadelphia. Yeye na mhandisi wake Joseph Ledwinka walitaka bodi ya chuma kitupu, isiyo na mifupa ya mbao. Walichukua bamba la chuma, wakaliweka kati ya kalibu mbili nzito, ya juu na ya chini, wakalibana kwa shinikizo lenye nguvu nyingi, na bamba likatoka limekwisha kupata umbo la mlango au la ubavu wa gari. Vipande hivyo vikaunganishwa kwa kuchomelewa. Ndugu wawili wa Dodge waliagiza bodi hizo kwa maelfu, na katika Ufaransa André Citroën akanunua ruhusa ya kutumia hataza za Budd, akatoa gari lake la chuma kitupu mwaka 1924. Hapo twaona hataza ikifanya kazi yake njema: mwenye fikra alilipwa, na fikra ikavuka bahari bila kuibiwa.

Atakayeona vigumu kuifahamu kazi ya kalibu na shinikizo, na akumbuke jambo lililofanyika Tabora penyewe. Mwaka 1916, katika vita, Wadachi walikuwa wamekatiwa njia ya bahari, wala fedha mpya hazikuweza kuwafikia kutoka kwao. Basi wakatumia karakana ya reli, wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo upande mmoja. Kalibu mbili, bamba katikati, na shinikizo juu yake. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na kazi ile ikawa imekwisha. Sarafu hizo sasa hutafutwa sana na wakusanyaji wa dunia nzima. Mlango wa motokaa si sarafu, lakini namna ya kuuzaa ni ile ile.

Na ndiyo asili ya ugomvi. Ubao ukivunjika, seremala hukata mwingine. Bamba lililopigwa kwa kalibu likipondeka, fundi hulinyoosha kwa nyundo kadiri awezavyo, na akishindwa hana budi kununua jipya. Nani aliuze? Mwenye kiwanda peke yake, au mtu yeyote awezaye kutengeneza kalibu kama ile?

Swali hili lilifika mpaka baraza la juu la Uingereza mwaka 1986. Kampuni ya British Leyland ilikuwa ikitengeneza gari liitwalo Morris Marina. Kampuni nyingine, Armstrong, ikatengeneza bomba la kutolea moshi la kulifaa gari hilo, ikaliuza. British Leyland wakashtaki, si kwa hataza, bali kwa kusema kwamba michoro ya bomba ni mali yao. Mabwana wa baraza wakakubali kwamba michoro ina mwenyewe. Lakini wakasema, mtu aliyenunua gari amenunua pamoja nalo haki ya kulitengeneza likiharibika, wala muuzaji hawezi kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili. Armstrong wakashinda.

Sisi twaona hukumu hiyo ilikuwa ya akili sana. Gari lisiloweza kutengenezwa ila kwa idhini ya aliyeliuza si mali, ni kitu cha kuazima.

Lakini miaka 11 baadaye watu walewale wa sheria walikutana na mashine ya kuchapa, na mambo yakageuka. Inafaa tueleze kwanza mashine zenyewe. Zamani, katika viwanda vya chapa kama kile cha misheni cha Kipalapala, karibu na Tabora, kilichotoa vitabu vya T.M.P. ambavyo wengi wenu mmevisoma shuleni, herufi zilikuwa vipande vya risasi. Zilipangwa mstari kwa mstari, zikapakwa wino, karatasi ikakandamizwa juu yake. Wino ulikuwa katika mkebe. Ukiisha, ulinunua mkebe mwingine kwa mtu yeyote.

Mashine ndogo za leo, tuziitazo printa, hazina herufi. Nyingine hurusha matone madogo ya wino. Nyingine hutumia mwanga na unga mkavu uitwao tona: mwanga huandika juu ya gudulia refu lililotiwa umeme, unga hujishika pale palipoandikwa, kisha hupelekwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa moto. Mwanzo wa fikra hii ni Chester Carlson, Mmarekani, aliyepata alama zake za kwanza mwaka 1938 na hataza yake mwaka 1942, baada ya kukataliwa na makampuni mengi. Sasa unga huo, na mara nyingi gudulia lenyewe, hutiwa ndani ya kasha liitwalo katriji. Kasha likiisha unga hutolewa, na jingine hutiwa. Wenye viwanda waliona upesi kwamba printa yaweza kuuzwa rahisi, na faida ikatafutwa katika kasha.

Basi katika Hong Kong kampuni moja iitwayo Green Cartridge ikatengeneza makasha ya kuzifaa mashine za Canon. Canon wakashtaki, na kesi ikapanda mpaka London mwaka 1997. Green Cartridge wakasema: “Ninyi mliamua juu ya bomba la moshi. Kasha ni vivyo hivyo.” Majaji wakajibu kwamba sivyo. Bomba likioza, gari limeharibika na sharti litengenezwe. Lakini kasha kwisha unga si kuharibika, ni matumizi ya kila siku. Tena mnunuzi mwenye busara huhesabu bei ya makasha tangu siku anunuapo mashine. Canon wakashinda.

Hoja hiyo ya mwisho twaiona kuwa ni kweli nusu. Mwenye ofisi kubwa aweza kuhesabu. Lakini mwenye duka dogo la stesheneri, tuseme katika mtaa wa Chemchem mjini Tabora, achapaye maombi ya kazi na mitihani ya shule kwa bei ya kurasa, hununua printa kwa kadiri ya fedha aliyo nayo siku ile. Hesabu ya kasha humjia baadaye, wakati ambapo wanafunzi wamekwisha kupanga foleni mlangoni.

Kisha mwaka 2017 upepo ukavuma tena, safari hii katika mahakama kuu ya Marekani. Kampuni ya Lexmark ilikuwa ikiuza makasha ya namna mbili. Ya bei kamili, mnunuzi afanye atakavyo. Na ya bei iliyopunguzwa karibu sehemu ya tano, kwa sharti kwamba lisitumike ila mara moja, wala lisipewe mtu mwingine ila Lexmark wenyewe. Ndani yake walitia kipande kidogo cha umeme cha kulizuia lisifanye kazi mara ya pili. Mafundi wakakitoa hicho, wakajaza unga upya, na duka moja dogo la West Virginia, jina lake Impression Products, likayauza. Mengine lilikuwa limeyanunua nchi za nje. Lexmark wakaja na hataza zao.

Mahakama ikaamua kwamba mwenye hataza akiisha kukiuza kitu chake, hataza imekwisha juu ya kitu hicho, sharti lolote aliloliandika, na mahali popote alipokiuzia. Aweza kushtaki kwa mkataba, kama aliyevunja mkataba ni mnunuzi wake. Kwa hataza hawezi. Na majaji, walipotaka kueleza sababu, wakatoa mfano wa karakana: yule anunuaye magari makuukuu, akayatengeneza na kuyauza, kazi yake yawezekana kwa sababu gari ni la yule aliyelileta. Kama kila kiwanda kilichotengeneza kipande cha gari kingebaki na haki juu yake, karakana ingefungwa. Hivyo printa na motokaa zikakutana tena katika hukumu moja.

Msidhani kwamba fundi ameshinda pote. Angalieni tofauti iliyo kati ya kutengeneza kilicho chako na kuzalisha kipya. Lexmark waliuza kasha lile lile lililojazwa tena. Lakini mwaka 2019 mahakama nyingine ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Ford, iliyokuwa imeandikisha sura ya boneti na ya taa ya gari lake la F-150. Watengenezaji wa vipuri walisema sura hizo ni za lazima, kwa kuwa boneti isiyofanana na gari haitakiwi na mtu. Mahakama ikakataa. Mwenye gari aweza kuitengeneza boneti yake. Lakini boneti mpya iliyopigwa kwa kalibu ya mtu mwingine haikupata kuuzwa na Ford, basi haki ya Ford juu yake haijaisha.

Na tuseme haki: wenye viwanda wana neno lao jingine, nalo si la fedha tu. Béla Barényi, mhandisi wa Daimler-Benz, alipata hataza mwaka 1952 kwa fikra iliyopingana na mawazo ya watu wote. Alisema bodi isiwe ngumu pote. Chumba cha watu kiwe kigumu, lakini mbele na nyuma pawe laini, pajikunje gari ligongapo, ili nguvu ya pigo iishie katika chuma isifike katika mifupa ya watu. Magari ya namna hiyo yalianza kutoka mwaka 1959. Fundi asiyejua siri hii, aonapo pua ya gari imekunjamana, huichomelea vyuma vinene ili “isiharibike tena.” Pua haitaharibika, kweli, lakini siku ya ajali watakaoharibika ni waliomo ndani. Hataza ile ilikwisha muda wake zamani, na maelezo yake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Huo ndio upande wa mapatano ambao mafundi wetu huusahau: mamilioni ya hati za namna hii, pamoja na michoro yake, zaweza kusomwa bure katika intaneti, na nyingi zimekwisha muda, hata fundi wa Tabora aweza kuzitumia bila kumwomba mtu.

Na akibuni chake mwenyewe, je? Kwa miaka mingi Tanganyika haikuwa na hataza yake kamili. Mtu alipata kwanza hati ya Uingereza, kisha akaiandikisha huku. Sheria ya Tanzania yenyewe ilitungwa mwaka 1987, na kazi hiyo kwa Tanzania Bara hufanywa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, basi hati ya Bara haimlindi mtu Unguja wala Pemba. Tena iko ARIPO, shirika la nchi kadha za Afrika lenye makao yake Harare, ambalo kwa maombi mamoja laweza kutoa hataza katika nchi nyingi zilizotajwa na mwombaji.

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani. Fundi wa bodi atunga namna mpya ya kufunga ubavu wa lori la tumbaku, hata uweze kushushwa na mtu mmoja. Majirani wamsifu. Aupeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane, aueleza kwa kila aulizaye, picha zapigwa na kusambazwa. Miezi mingi baadaye, akiona wengine wanaunda kama wake, ndipo akumbuka kuomba hataza. Ofisi itamwuliza swali lile lile lililomwangusha Dunlop: je, jambo hili lilikuwa halijajulikana siku ulipoomba? Naye mwenyewe ndiye aliyelitangaza. Sheria nyingine huwapa nafasi ya miezi michache walioonyesha katika maonyesho yaliyokubaliwa, lakini nafasi hiyo ni nyembamba, na si kila nchi huitoa. Kwa hiyo atangulize maombi, ndipo aonyeshe. Maombi yenyewe yataka maelezo ya kitu, michoro yake, na maneno machache yanayotaja kwa uangalifu ni kipi hasa anachodai kuwa chake. Hapa pa madai ndipo pa kutafuta msaada wa mtu ajuaye kazi hiyo. Akisema “lori langu” hatapata kitu, lakini akisema “komeo lenye bawaba mbili lifunguliwalo kutoka upande mmoja,” pengine atapata.